Nyumba Njema Si Mlango

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari ya jambo dogo litendekalo kila siku machoni pa kila mtu, nalo ni lile wazo la kwanza tulipatalo tumwonapo mtu tusiyemjua. Huja upesi kama kupepesa jicho, walakini matunda yake yaweza kuwa mazito. Wako waliopata rafiki wa maisha kwa ajili ya wazo hilo, na wako waliopoteza maisha yao. Wazee walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tukaao Geita, katika nchi ya dhahabu, yatupasa kuielewa methali hii kuliko watu wengine, nasi twataka kueleza sababu.

Mgeni ajaye hapa mara ya kwanza hudhani kwamba dhahabu hung'aa ardhini, na kwamba mtu huinama tu akaiokota. Lakini mchimbaji wa Nyarugusu, au wa Rwamagasa, au wa Mgusu, atamwambia kwamba jiwe lenye dhahabu mara nyingi ni jiwe la hivi hivi tu, la kijivu au lenye kutu, lisilopendeza macho. Tena liko jiwe jingine, lenye chuma na kiberiti ndani yake, ling'aalo kwa rangi ya manjano hata mtu hufurahi kabla ya wakati. Lakini mng'ao ule si dhahabu. Kwa hiyo mchimbaji mwenye akili hahukumu kwa kutazama. Hulivunja jiwe, hulisaga hata liwe unga, kisha huuosha unga ule kwa maji katika karai, akilizungusha polepole, hata kilicho chepesi kitoke na kilicho kizito kibaki chini. Hapo ndipo asemapo neno. Na hata katika mgodi mkubwa wenye mitambo, tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu. Kadhalika Walongo, wahunzi wa kale wa nchi hii, walitia motoni mawe ya chuma ambayo mpita njia asingaliyatazama mara mbili, wakafua majembe yaliyolima mashamba ya mbali. Mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, aliyepita hapo baadaye angaliweza kudhani kwamba habari ya dhahabu imekwisha. Walakini mwaka 2000 mgodi mpya, mkubwa zaidi, ulifunguliwa katika nchi ile ile.

Basi watu wa nchi hii wana subira na jiwe. Swali letu ni hili: je, twampa mtu subira ile ile?

Kwanza na tutazame wazo hili lazaliwaje. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Princeton huko Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua, nyingine kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu. Wakawauliza: mtu huyu ni mwaminifu? ni mpole? ana uwezo? Watu wale waliweza kujibu. Tena walipopewa nafasi ya kutazama zaidi, majibu yao hayakubadilika sana. Kilichozidi ni hakika yao kwamba wamejibu vema. Angalieni neno hili, ndugu. Kutazama zaidi peke yake hakukuwapa kujua zaidi, bali kuliwapa ujasiri tu.

Hatusemi kwamba uwezo huu ni mbaya. Mungu ametupa macho mepesi kwa faida yetu. Mtu akutanaye na nyoka njiani hana nafasi ya kufanya baraza. Wala hatusemi kwamba wazo la kwanza ni la uongo siku zote. Ng'ambo ya ghuba, upande wa Mwanza, Mwingereza John Hanning Speke aliliona ziwa letu siku ya 3 Agosti 1858, akasema mara moja kwamba hapa ndipo utokapo mto Nile. Mwenzake Richard Burton, ambaye alibaki nyuma Tabora, alikataa. Speke alikuwa amesema kweli, lakini kweli ile ilikuwa bado haijawa ujuzi. Ilimpasa kurudi, na mwaka 1862 akauona mto ukitoka ziwani upande wa kaskazini. Na hata baada yake ilihitajiwa safari ya Henry Morton Stanley, aliyelizunguka ziwa mwaka 1875, ndipo mashaka yakapungua. Wazo la kwanza, hata likiwa sahihi, ni kama shahidi mmoja. Na shahidi mmoja hatoshi kumhukumu mtu.

Tena wazo hili halifanywi na macho peke yake. Macho huleta kipande kidogo tu: kovu, nguo iliyochakaa, namna ya kusema. Kisha yale tuliyosikia tangu utoto hukichukua kipande kile na kukishonea vipande vingine, hata kiwe vazi zima. Mwisho huja hofu, ikalifunga vazi lile kwa vifungo. Basi twadhani tumemwona mtu, na kumbe tumeona jambo moja juu yake, na mengine tumeyatoa kwetu wenyewe.

Hapa kwetu na Shinyanga twajua mfano mmoja wa jambo hili, nao si wa mchezo. Ni macho mekundu ya wanawake wazee.

Kila mtu aliyekulia Usukuma au Uzinza amesikia kwamba mwanamke mzee mwenye macho mekundu ni mchawi. Neno hili halikuandikwa popote, wala hakuna aliyelifundisha kama somo, lakini watoto hulijua kabla ya kujua kusoma. Na kwa ajili ya neno hili damu nyingi imemwagika. Mtaalamu Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania bara kwa sababu ya tuhuma za uchawi, walio wengi wakiwa wanawake, na sehemu kubwa yao walikuwa wa Usukuma. Baada ya miaka ile mauaji hayakukoma. Hivyo Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapigao ramli, kwa kuwa ramli zao ziliwaangamiza wazee na hata watu wenye ualbino.

Njia ya mambo haya ni ya kusikitisha kwa wepesi wake. Mtoto afa kwa homa. Wazazi wana uchungu, nao wataka kujua sababu. Wamwendea mpiga ramli, naye hana haja ya kutaja jina. Asema tu, Ni mwanamke, ni mzee, hakai mbali nanyi, macho yake ni mekundu. Basi wale wenye msiba wenyewe huitimiza kazi iliyosalia. Wakirudi nyumbani uso wa jirani huwajia mbele, nao husema, Tulijua tangu zamani. Lakini hawakujua neno lo lote. Waliona macho tu.

Na macho yale yalipataje kuwa mekundu? Hapa ndipo yatupasa kuingia ndani ya nyumba. Mwanamke wa kwetu huanza kupika akiwa msichana mdogo, na huendelea miaka hamsini na zaidi, akiinama mbele ya mafiga katika jiko lisilo na dirisha. Huko Shinyanga miti ilikatwa kwa wingi, kwanza ili kuwaondoa mbung'o waletao malale, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba na malisho, hata kuni zikawa adimu; wanawake wakapikia mabua na samadi kavu, vyenye moshi mkali kupita kuni. Mwaka 1986 ilianza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, watu wakarudisha ngitili zao na miti ikaota tena; lakini macho ya akina bibi yalikwisha kulipa gharama. Tena uko ugonjwa wa vikope, uenezwao na nzi, na vidole, na kitambaa kimoja cha kufutia nyuso nyingi. Mtu akiugua mara nyingi tangu utoto, kope la jicho hupata kovu ndani, likageuka, na nywele zake zikakwaruza mboni kila apepesapo. Ugonjwa huu huwapata wanawake kuliko wanaume, maana wao ndio walezi wa watoto wadogo. Basi macho mekundu yale, mara nyingi, ni alama ya mwanamke aliyewapikia watu na kuwalea watoto wao. Watu wamekula chakula chake miaka hamsini, kisha wakamhukumu kwa moshi wake.

Twasema haya si kwa kusikia tu. Bibi yetu, mzaa mama, alikuwa na macho ya namna hiyo. Sisi wajukuu tulimjua kwa mikono yake na hadithi zake, wala hatukuona ajabu yo yote katika macho yake. Lakini waliokuja kukaa kijijini baadaye, wasiomjua, waliona macho kwanza. Mwaka mmoja, katika miaka ya 1980, watoto wawili wa nyumba mbili za jirani walifariki katika mvua zile zile. Kisha asubuhi moja ikaonekana karatasi mlangoni pake, yenye maneno machache, kwamba aondoke kabla ya mavuno. Mama zetu walilia. Wajomba walitaka kumpeleka Mwanza siku ile ile. Bibi akasema, "Nikikimbia, watasema walisema kweli. Na yule mzee atakayefuata baada yangu atakimbilia wapi?" Akakaa. Wajomba wakalala nje ya mlango wake kwa zamu.

Alikuwako kijijini mwalimu wa dini, na mkewe ambaye watu wote walimwita Mama Mwalimu. Mwalimu alisema kanisani yaliyopasa kusemwa, na watu walimsikiliza kwa heshima, kama wasikilizavyo mahubiri. Mkewe hakuhubiri. Alikuja jioni moja kwa bibi, akasalimu kwa magoti, akasema, "Bibi, naomba nikusaidie kupika." Akaingia jikoni. Akaja tena kesho yake, na kesho kutwa, na jioni zote za majuma yaliyofuata. Wakati wa mvua kuni zilikuwa mbichi, na moshi ukajaa hata paa likawa kama linawaka. Kila jioni alitoka mle akifuta machozi, naye akapita makusudi kisimani, wanawake walipokuwa wakiteka maji, macho yake mwenyewe yakiwa mekundu kama ya bibi.

Mwanzoni walinyamaza. Siku ya nne au ya tano mmoja akauliza, "Mama Mwalimu, macho yako yana nini?" Akajibu, "Ni moshi wa jiko la bibi. Njoo nawe utazame." Mwanamke yule akaja, pengine kwa udadisi tu. Akakaa kitambo kidogo karibu na mafiga, akatoka akikohoa, machozi yakimtiririka. Sisi watoto tulikuwa uani, twaona. Alisimama akitazama lile jiko, kisha akamtazama bibi, na mara ile alimwona kwa namna nyingine. Hakusema neno kubwa. Alisema tu, "Bibi, kumbe wakaa humu kila siku?"

Mavuno yakaja yakapita, wala hakuna aliyemgusa. Wajomba walitoboa dirisha katika ukuta wa jiko na kuinua paa kidogo, moshi ukapata pa kutokea. Baadaye wakampeleka bibi kwa waganga wa macho, naye akapasuliwa kope kwa muda mfupi tu, zile nywele zisimkwaruze tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na wale waliomwogopa walimletea watoto wao awakandekande tumbo. Jambo tulilojifunza ni kwamba maneno mengi hayakuweza kulishinda wazo lile la kwanza. Lilishindwa na mtu aliyeingia ndani ya nyumba na kukaa.

Ninyi waalimu, mambo haya ni yenu pia. Mwaka 1946 Solomon Asch, aliyezaliwa Poland akahamia Marekani, alichapisha habari za majaribio yake. Aliwasomea watu sifa za mtu fulani: ana akili, ana bidii, hutenda bila kungoja, hukosoa, ni mkaidi, ana wivu. Wengine akawasomea sifa zizo hizo kwa kuanzia mwisho, yaani wivu kwanza na akili mwisho. Maneno hayakuongezwa wala kupunguzwa. Walakini waliosikia mema kwanza walimwona kuwa mtu hodari mwenye kasoro zake, na waliosikia mabaya kwanza walimwona kuwa mtu wa matata, ambaye matata yake yazuia uwezo wake. Basi mwalimu ampokeaye mtoto mgeni, na akaambiwa kwanza, "Huyu ni mtoro," amekwisha kupewa mlango kabla ya nyumba. Katika nchi yetu ya machimbo wako watoto wafikao shuleni na vumbi la mawe katika nywele, kwa kuwa alfajiri wamewasaidia wazazi kuponda mawe au kuchota maji ya kuoshea. Mtoto huyo asinziapo darasani huitwa mvivu, na kumbe ametenda kazi kabla ya kengele kupigwa. Akikaliwa na jina lile la mvivu mwaka mzima, mwisho atalivaa. Mwalimu mwema na aulize kwanza, "Mwanangu, umeamka saa ngapi?"

Nasi katika makanisa yetu tusijidhani kuwa salama. Yakobo aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya mtu aingiaye na pete ya dhahabu na mavazi mazuri, jinsi anavyopewa mahali pazuri, na maskini akaambiwa asimame au aketi chini. Twaweza kudhani Mtume huyu alikuwa amepata kuketi kanisani kwetu! Katika miji ya dhahabu, kama Katoro na Geita yenyewe, leo mtu aingia akiwa na tope la shimoni, na kesho aingia kwa gari. Mtu ni yule yule. Hata nabii Samweli, aliyezoea kuisikia sauti ya Mungu, alipomwona mwana mkubwa wa Yese, mrefu na mzuri wa umbo, alidhani huyu ndiye, na ilimpasa kuonywa kwamba Bwana hutazama moyo. Na aliyechaguliwa alikuwa bado malishoni na kondoo. Anania naye, alipoambiwa aende kwa Sauli, aliyajua mabaya ya Sauli, tena kwa haki. Walakini alikwenda, akaweka mikono juu yake, akamwita ndugu. Kama angalibaki na wazo lake la kwanza, nani angalimpokea Paulo?

Basi, ndugu, na tuweke desturi hizi nyumbani mwetu. Tumwonapo mgeni, tusiliseme wazo la kwanza mbele ya watoto, maana kwetu huwa ni dhana, na kwao huwa ni mafundisho. Tusikiapo jirani akilaumiwa, tuulize, Umeingia nyumbani mwake? umekula naye? Tuwatembeleapo wazee, tuingie hata jikoni. Na kama hakuna dirisha, vijana wa kanisa walitoboe, maana dirisha moja laweza kuokoa macho na roho pamoja. Mwenye macho yanayouma apelekwe hospitali: vikope vina dawa, na kope lililogeuka laweza kupasuliwa. Na mtoto afapo katika nyumba yo yote, sisi tuwe wa kwanza kwenda kuketi na wenye msiba, ili uchungu wao usiwapeleke kwa mpiga ramli kwa kukosa mtu wa kulia naye.

Macho tutakuwa nayo siku zote, na wazo la kwanza litakuja siku zote, tupende tusipende. Hilo si dhambi. Lakini Mungu ametupa miguu pia, tupate kuingia ndani, na masikio, tupate kuuliza na kusikia. Yeye atujuaye sote toka ndani atupe subira ya mchimbaji kwa kila mtu atakayefika mlangoni petu mwezi huu. Amina.